Kikao kwenye Utando wa Seli

Vitoto vya panya vilivyochomwa sindano ya dondoo la tezi za mate vilifumbua macho na kuota meno mapema kuliko kawaida. Stanley Cohen, mwanabiokemia wa Marekani, hakulipuuza jambo hilo. Mwaka 1962 alichapisha habari za protini iliyosababisha hali hiyo, na mwaka 1986 yeye na Rita Levi-Montalcini wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Protini ya Cohen, ambayo ni kichocheo cha ukuaji, haihitaji kupenya ndani ya seli ili isikike. Hunasa kwenye kipokezi kiitwacho EGFR, ambacho kimepenya utando, kichwa nje, mkia ndani. Kikishanaswa, kipokezi hubadili umbo na kuungana na mwenzake; kisha mikia yao hupachikwa fosfeti kwenye asidi amino za tairosini. Vitabu vingi huchora yanayofuata kama mishale iliyopangwa mstari mmoja. Makala haya yanaupinga mchoro huo.

Kinachofanyika pale ni kikao. Kipande cha protini kiitwacho SH2, kilichobainishwa na Tony Pawson na wenzake nchini Kanada mwaka 1986, hutambua tairosini yenye fosfeti. Protini iitwayo Grb2 inacho kipande hicho. Huushika mkia wa kipokezi huku ikiwa imeishika protini nyingine, SOS, na kuileta karibu na protini ya Ras, ambayo makazi yake ni upande wa ndani wa utando. SOS huiwasha Ras, na amri ya kugawanyika ikaanza safari kuelekea kwenye kiini.

Hapa ndipo wengi hupita haraka mno. SOS imo ndani ya seli muda wote. Inachokosa ni ujirani. Mwaka 1994 watafiti waliifungamanisha na utando kwa mbinu za kijenetiki, na Ras ikawaka bila kichocheo chochote cha ukuaji. Mahali palitosha.

Kwa mgonjwa wa saratani, suala hili si la nadharia. Dawa ya cetuximab huziba EGFR kwa nje, na imewasaidia baadhi ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Lakini uvimbe ukiwa na jeni ya Ras iliyobadilika, Ras hubaki imewaka hata kipokezi kikizibwa, na dawa hiyo ghali huleta madhara bila nafuu. Ndiyo maana jeni za Ras hupimwa kwanza. Daktari anayekitazama kipokezi peke yake, bila kuwajua waliokizunguka, hawezi kueleza kwa nini dawa ileile imemfaa mgonjwa mmoja na kumshinda mwingine.