Amepona kwa kipimo cha nani?

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu baada ya kipindi cha afya. Mume wake alianguka ghafla miezi minne iliyopita, mkono na mguu wa kuume vikapooza, mdomo ukapinda. Kiharusi, au AVC kama wengi tunavyoita huku. Tangu watoke kambini wanaishi kwa familia iliyowapokea. Muuzaji mmoja wa dawa amemwambia kwamba kati ya wagonjwa wake kumi, wanane wametembea tena. Chupa moja ni dola 15. Mama akaniuliza: "Kaka, hiyo nane kati ya kumi ni ya kweli?"

Nilimjibu: mama, inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado dawa isiwe imefanya kitu. Baada ya kiharusi mwili wenyewe hujitengeneza kwa kiasi fulani, na sehemu kubwa ya nafuu huja katika wiki na miezi ya mwanzo. Aliyeanza chupa wiki ya pili na akasimama wiki ya nane ataishukuru chupa. Na waliokufa hawakurudi kwa muuzaji kuhesabiwa. Ili kujua kama dawa inasaidia, lazima kuwe na kundi la pili lisiloinywa, watu wagawanywe kwa kura, na anayewapima mwishoni asijue nani alikuwa kundi gani. Muuzaji wetu hana kundi la pili, na sidhani kama analitafuta.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila familia yenye mgonjwa wa namna hii iufahamu. Unaitwa ATTEND. Ulifanyika India katika hospitali 14, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Kule pia wataalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine, hawatoshi. Watafiti wakajiuliza: tukiwafundisha watu wa nyumbani kumgeuza mgonjwa, kumkalisha na kumfanyisha mazoezi kila siku, atapata nafuu zaidi? Wagonjwa 1,250 wakagawanywa kwa kura. Baada ya miezi 6, upande wa familia zilizofundishwa, 285 kati ya 607 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Upande wa matunzo ya kawaida, 287 kati ya 605. Asilimia 47 huku, asilimia 47 kule.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikitika, nakiri. Nilitaka jibu lingine. Lakini tusiisome vibaya. Haisemi kwamba kazi ya familia ni bure, maana hata wagonjwa wa kundi la pili walikuwa na hospitali zao na ndugu wa kuwatunza nyumbani. Inasema kwamba mafunzo yale ya ziada hayakubadilisha kitu kimoja kilichopimwa.

Kitu gani hicho? Ni ngazi ya Rankin, iliyoanzishwa na daktari wa Scotland mwaka 1957 na kurekebishwa baadaye. Sifuri maana yake huna dalili yoyote. Mbili, una ulemavu kidogo lakini mambo yako unayafanya mwenyewe. Tatu, unahitaji msaada lakini unatembea bila kushikwa. Nne, hutembei bila mtu. Tano, uko kitandani. Sita, umekufa. Mara nyingi watafiti huikata ngazi hii vipande viwili: sifuri hadi mbili ni vizuri, tatu hadi sita ni vibaya.

Hapo ndipo ninapokataa. Mzee aliyekuwa tano, anageuzwa kama mtoto, akafika tatu na kutembea mwenyewe hadi mlangoni, kwa hesabu hiyo amebaki "vibaya", kapu moja na marehemu. Muulize mke wake kama hakuna kilichobadilika! Wataalamu wa takwimu wenyewe wamelalamikia kukata huku, na siku hizi tafiti nyingi huhesabu kila ngazi mtu aliyoipanda au kuishuka. Sisemi kwamba India wangepata jibu tofauti. Nasema hesabu inayomwona mzee yule ni ya haki zaidi.

Ila kupima vitu vidogo nako kuna mtego. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa wenye watu 118 ulionyesha kwamba dawa ya fluoxetine inaongeza nguvu ya mkono na mguu uliopooza. Wengi wakafurahi. Mwaka 2018 Waingereza wakatoa matokeo ya watu 3,127, wakitumia ngazi ya Rankin: hakuna tofauti, na waliomeza dawa walivunjika mifupa zaidi. Kusogeza mkono si sawa na kujitegemea, na watu wakiwa wachache bahati huingia katika hesabu.

Sasa nije kwetu. Katika utafiti wa India, wagonjwa 38 tu kati ya 1,250 hawakuingia katika hesabu ya mwisho. Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa mwanzoni mwa 2025. Mgonjwa aliyeandikwa Bulengo mwezi wa 12, mwezi wa 6 ungemtafuta wapi? Tuseme shirika lilianza na wagonjwa 100, likawapata tena 40, na 30 kati yao wana nafuu. Ripoti itaandika asilimia 75. Lakini wale 60 wakiwa wote wako vibaya, ni asilimia 30. Wakiwa wote wazima, ni 90. Ukweli uko mahali fulani katikati, na sisi wahami ndio tunaodondoka kwenye karatasi. Kwa hiyo mkisikia asilimia yoyote kwenye mkutano, ulizeni: mlianza na wangapi?

Kuna pia fomu ya Barthel ya mwaka 1965, yenye alama 0 hadi 100. Inauliza kama mgonjwa anapanda ngazi za nyumba. Kambini ngazi hazikuwepo, kulikuwa na mawe ya volkano hadi chooni, gizani. Inauliza pia kama anajiweza chooni. Haiulizi ni nani anayeamka kumshika. Kwa yule mama ni binti yao wa miaka 12, na darasani anasinzia.

Kama alinunua chupa, hakuniambia. Jumamosi hii mtaalamu wa mazoezi atakuwa studioni kutueleza namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na kumwinua bila kumvuta mkono uliopooza. Yule binti amesema atasikiliza. Leteni maswali yenu.