Sala ya Nyumbani: Zaburi kwa Mwenye Hofu na Mwenye Hasira



Wako Wakristo wengi ambao husali kila siku kwa maneno yale yale: kushukuru kwa upesi, kuomba ulinzi, kuomba baraka, kisha amina. Maneno hayo si mabaya, lakini yako mambo ambayo hayawezi kuyabeba. Askari aliyerudi kutoka doria na kumwacha mwenzake kaburini; mke aliyekaa miezi bila kupata habari ya mumewe; konstebo aliyetukanwa na mkubwa wake mbele ya watu na hakuwa na ruhusa ya kujibu: watu hawa hupiga magoti, husema maneno machache waliyoyazoea, kisha huinuka na mzigo wao ule ule.

Mzigo usiotuliwa mbele za Mungu hutafuta pengine pa kutua. Aghalabu hutua nyumbani, juu ya mke na watoto. Mara nyingine huishia katika ulevi au, Mungu apishe mbali, katika silaha. Wahenga walisema hasira hasara, na walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa sababu hiyo, juma hili tutazame jinsi kitabu cha Zaburi kinavyoweza kumwongoza Mkristo katika sala yake ya faragha.

Zaburi ni 150, nazo zimegawanywa katika vitabu vitano. Zilizoandikwa jina la Daudi juu yake ni 73. Nyingine zina majina ya Asafu, wana wa Kora na Sulemani, na moja, ile ya 90, ina jina la Musa. Zilikuwa nyimbo na sala za Waisraeli, na Wakristo wakazirithi. Ndugu zetu Waislamu nao wanaitambua Zaburi kuwa ni kitabu alichopewa Nabii Daudi.

Jambo linalowashangaza wengi wanapoanza kuzisoma ni hili: zaidi ya theluthi moja ya Zaburi ni vilio na malalamiko. Ndani yake mtu humwuliza Mungu kwa nini amejificha, humweleza kwamba amechoka, humshitaki rafiki aliyemsaliti. Katika karne ya 4, Askofu Athanasio wa Alexandria, katika nchi ya Misri, alimwandikia mtu aliyeitwa Marselino akimweleza kwamba Zaburi ni kama kioo, ambamo mtu huiona hali ya nafsi yake mwenyewe. Basi asiyejua aseme nini hana haja ya kutunga maneno. Na aazime.

Namna ya kusali kwa Zaburi si ngumu. Chukua mathalani Zaburi ya 13, ambayo ina aya 6 tu. Katika aya ya 1 na ya 2, mwenye kusali anauliza mara 4 mateso yake yatakoma lini. Katika aya ya 3 na ya 4, anaomba Mungu amtazame na kumjibu. Katika aya ya 5 na ya 6, anazikumbuka fadhili za Mungu na kuahidi kumwimbia. Malalamiko, ombi, tumaini: ndiyo ngazi tatu.

Isome mara ya kwanza kwa sauti, polepole, kama mtu asomaye barua. Isome mara ya pili, na kila ufikapo mwisho wa ngazi, simama. Hapo sema jambo lako mwenyewe, kwa jina lake. Usiseme tu kwamba una shida. Taja deni, taja ugonjwa wa mtoto, mtaje mtu aliyekuudhi. Ukimaliza, nyamaza kidogo kabla ya kuinuka. Kazi hiyo haizidi robo saa, na yaweza kufanywa kandoni mwa kitanda au chini ya mti.

Usishangae iwapo moyo haufiki ngazi ya tatu siku hiyo hiyo. Iko Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la furaha mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Kwa hiyo mtu aliyefiwa, ambaye hawezi bado kuimba, asidhani kwamba sala yake ni pungufu.

Sasa tuje kwenye hasira, maana hapa ndipo wengi husita. Katika Zaburi ya 109 mtu anamlaani adui yake kwa maneno makali mno. Zaburi ya 137, wimbo wa mateka waliokuwa Babeli, inaishia kwa kuwatakia maadui jambo la kutisha hata kulisoma. Je, Mkristo anaruhusiwa kusali hivyo, ilhali Yesu ameamuru tuwapende adui zetu?

Itazame kwa makini kazi inayofanywa na Zaburi hizo. Yule mtu hakuuchukua mkuki wake usiku akaenda kwa adui. Aliyoyataka aliyapeleka kwa Mungu na kuyaacha mikononi mwa Hakimu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sala na kisasi. Mwenye bunduki mkononi anahitaji tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kwake njia kutoka hasira hadi mauti ni fupi sana. Akiisha kuimwaga hasira yake yote mbele za Mungu, Mkristo aikumbuke sala ya Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha, na aombe neema ya kuifuata. Asianze kwa kujifanya amesamehe. Aanze na ukweli, kisha aombe kubadilishwa.

Tena Zaburi hazimpi mtu kinga ya kukwepa haki. Kichwa cha Zaburi ya 51 chasema kwamba Daudi aliisali baada ya nabii Nathani kumkemea kwa habari ya Bathsheba. Mume wa Bathsheba alikuwa Uria, askari mwaminifu aliyekataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wamelala kondeni vitani. Daudi, aliyekuwa mkuu wake, alimpa barua aipeleke kwa Yoabu. Na barua hiyo iliamuru Uria awekwe penye mapigano makali ili afe. Basi Zaburi ya 51 ni toba ya mkubwa aliyemwua askari wake. Aisomaye huku ameshika mali ya raia, au huku mke wake ana alama za kipigo, na ajue kwamba toba ina miguu: mali irudishwe, mkono ukome, msamaha uombwe.

Kadhalika tuonyane kuhusu Zaburi ya 91, inayonena juu ya ulinzi wa Mungu. Wako wanaoiandika katika karatasi na kuivaa kama hirizi, wakidhani risasi itaogopa wino. La hasha! Wacha Mungu wengi wameisali Zaburi hiyo na hata hivyo wakafa vitani. Zaburi ni ya kusaliwa. Yesu mwenyewe, alipokuwa akifa, alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22 na ya 31. Hayakumwondoa msalabani, bali yalimshika hadi mwisho.

Kuandika Zaburi kwa ajili ya kuisoma ni jambo jingine, na ni jema. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo sasa Algeria, aliugua mwaka 430 wakati mji wake ulipokuwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Aliagiza Zaburi chache za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma kutoka kitandani huku akilia, hata akafariki tarehe 28 Agosti. Nawe waweza kubandika moja karibu na kitanda chako, au kuiweka mfukoni mwa sare, ili uisome wakati wa mapumziko.

Hii hapa orodha fupi ya kukata na kuhifadhi:

Kabla ya kulala: 4.
Kabla ya safari au zamu: 121.
Kwa alindaye usiku: 127 na 130, ambazo zote zinamtaja mlinzi.
Usingizi ukipotea kwa majonzi: 6.
Ukisalitiwa na rafiki: 55.
Ukiona waovu wanastawi: 37 na 73.
Dhambi ikikulemea: 32 na 51.
Baba, mama na watoto pamoja: 128.
Kwa mstaafu na mzee: 71.
Siku ya shukrani: 103.

Biblia nyingine za Kikatoliki za zamani hufuata hesabu ya Kigiriki, ambayo kwa Zaburi nyingi huwa nyuma kwa moja. Hivyo ya 51 yaweza kuonekana kuwa ya 50.

Apendaye kuzimaliza zote na asali moja kila siku. Kwa siku 150, yaani karibu miezi mitano, atakuwa amefika mwisho. Ile ya 119 ni ndefu, ina aya 176, lakini imegawanyika katika mafungu 22 ya aya nane nane, na fungu moja latosha kwa siku. Ikiwa mume yuko mbali kikazi, wapatane na mkewe kusali Zaburi moja usiku mmoja, yeye kambini na mkewe nyumbani. Watoto nao wafundishwe ya 117, yenye aya mbili tu.

Anza usiku wa leo kwa Zaburi ya 4, kabla taa haijazimwa. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.