Wataalamu wa jamii wasiachwe nje ya mipango ya tabianchi

Kila panapozungumzwa habari za kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, wanaopewa usemi wa kwanza ni wahandisi na wanauchumi. Mwanahistoria na mwanasosholojia huitwa baadaye, mradi ukiisha kukwama, ili waende kuwatuliza wananchi. Kwa maoni yangu, huko ni kumwita mganga mgonjwa akiisha kukata roho.

Tutazame yaliyotokea Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua. Palipangwa kujengwa hapo mitambo ya upepo ya kuzalisha megawati 60 za umeme. Upepo ulikuwako na fedha zilikuwa zimepatikana. Lakini wenyeji, wengi wao wakulima wadogo, walikuwa na maswali mazito kuhusu mashamba yao, fidia na afya zao. Maandamano yakazuka, na mnamo 2016 mradi ukafutiliwa mbali. Hakuna hata taa moja iliyowashwa.

Je, Kinangop ni tukio la pekee? La, hasha! Huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilianza kutia umeme katika gridi ya taifa mwaka wa 2018. Hiyo ni kazi ya kuonewa fahari. Hata hivyo, mradi huo ulitengewa ekari 150,000 katika eneo ambalo ni malisho ya jamii za wafugaji, na mnamo Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki zake hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mtu aliyesomea maisha ya wafugaji angaliwaeleza wapangaji mapema kwamba ardhi isiyo na ua si ardhi isiyo na wenyewe.

Kinyume cha hayo ni jiko letu la makaa lenye ukuta wa udongo ndani ya bati, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Wazo lake la awali lilitoka Thailand, lakini halikuletwa likaachwa vivi hivi. Mafundi wa jua kali walilibadilisha kwa kufuata mahitaji ya wapishi, hadi likaafiki sufuria zetu na kishindo cha kusonga ugali. Likapunguza makaa yanayotumiwa, likauzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, na hatimaye likavuka mipaka hadi nchi jirani. Siri yake haikuwa udongo pekee, bali kumsikiliza apikaye.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba ripoti ya 2022 ya jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi kuhusu kupunguza gesi hizo ilitenga, kwa mara ya kwanza, sura nzima ya mahitaji ya watu na masuala ya kijamii.

Huenda msomaji akasema kwamba wakati umetupa kisogo, na kwamba utafiti wa kijamii utachelewesha kazi. Namjibu kwamba miaka iliyopotea Kinangop ilikuwa mirefu kuliko utafiti wowote. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa hivyo naihimiza serikali, ile kuu na zile za kaunti, iwaketishe wataalamu wa jamii katika meza ya mipango tangu siku ya kwanza, kabla ya ardhi kupimwa, na iwape uwezo wa kusema: hapa sipo, hamisheni mradi.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Katika Sekondari Pevu, mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na shabaha ya serikali ni kwamba asilimia 60 wafuate sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shabaha hiyo siipingi, wahandisi twawahitaji. Ninachokipinga ni ile kejeli kwamba mkondo wa sayansi za jamii ni jaa la walioshindwa na hesabu. Mwalimu wa Fizikia na mwenzake wa Jiografia wangeweza kuingia darasani pamoja, mmoja akaeleza jinsi upepo unavyozungusha mtambo, na wa pili akauliza mtambo huo unasimama katika shamba la nani. Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali yote mawili ndiye tunayemhitaji.