Kamera ya kwanza ya filamu: Tazama tundu la maiki kabla ya kasha jipya

Amri ya Serikali ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja pamoja na ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki, iligusa moja kwa moja malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Kwa mnunuzi swali ni jingine. Je, kijana anayeingia mjini na fedha za mpunga kutafuta kamera yake ya kwanza ya filamu, katika maduka ya Mchafukoge au Mtaa wa Aggrey, atapata unafuu?

Unafuu huo asiutegemee sana. Kamera hazitengenezwi nchini. Bei yake hufuata dola, nauli ya mzigo kutoka Dubai au Guangzhou, ushuru wa forodha na VAT, awe muuzaji ni Mtanzania au mgeni. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, hivyo mteja ana haki ya kutajiwa shilingi. Hata hivyo, hesabu ya mwenye duka bado huanzia kwenye dola. Palipobaki nafasi ya kuokoa fedha ni katika uchaguzi wenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Mfano mzuri ni Canon 2000D na 4000D, zilizotoka mwaka 2018. Hizi ni kamera za bei ya chini, huja na kasha na lenzi yake, na kwa picha za mnato hazina ubaya wowote. Lakini hazina tundu la kuchomekea maiki ya nje. Nikon D3500 ya mwaka huohuo nayo haina. Canon 700D, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo leo hupatikana zaidi ikiwa imetumika, inalo tundu hilo pamoja na kioo kinachogeuka upande. Kwa mtengeneza filamu, kamera hiyo kuukuu ni bora kuliko ile mpya, ingawa muuzaji hatamwambia hivyo kama kasha jipya ndilo analotaka kuliondoa dukani.

Tundu dogo namna hiyo lina uzito gani? Soko la filamu za Kibongo lilipoanza kupanuka miaka ya 2000, baada ya kazi kama Girlfriend ya mwaka 2003, watazamaji walizoea picha za kamera ndogo za video na hawakulalamika sana. Walicholalamikia ni maneno kumezwa na upepo, jenereta na honi za daladala. Maiki iliyomo ndani ya kamera husikia kila kitu kilicho karibu nayo, ukiwamo mkono wa mpiga picha, na mwigizaji aliye hatua nne mbele husikika kama yuko chumba cha pili. Hata filamu ya Kimarekani Tangerine ya mwaka 2015, inayotajwa kila mara kwa kuwa ilipigwa kwa simu ya iPhone 5s, ilinasiwa sauti kwa vifaa vya pembeni. Sehemu hiyo ya habari husahaulika.

Kwa sababu hiyo, mwenye simu nzuri hana haja ya kukimbilia kamera. Maiki ya kubana kwenye shati, stendi imara na taa moja ya betri vitaiinua kazi yake kuliko kamera mpya isiyo na hivyo vitatu. Programu ya Blackmagic Camera, inayotolewa bure kwa iPhone tangu 2023 na kwa baadhi ya simu za Android tangu 2024, humwezesha kufunga mwanga na rangi zisibadilike katikati ya tukio. Na jambo moja ambalo video nyingi za mafunzo kutoka Marekani hulikosea kwa mazingira yetu: umeme wa hapa ni hezi 50, wa kule ni 60. Ukirekodi kwa fremu 30, kama wanavyoelekeza wao, taa nyingi za ndani huchezacheza kwenye picha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50.

Anayeamua kununua ya mtumba akague kwa utaratibu uleule anaokagua pampu ya maji iliyotumika: aiwashe, aiache ifanye kazi. Arekodi dakika kumi mfululizo hapohapo dukani aone kama itapata moto au kuzima. Amulike lenzi kwa tochi. Utando unaofanana na nyuzi za buibui ni kuvu, jambo la kawaida kwa vifaa vilivyokaa pwani penye unyevu, na kuusafisha huweza kuzidi thamani ya lenzi. Idadi ya picha zilizopigwa, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, haielezi kamera imerekodi video kwa saa ngapi. Aidha, kamera nyingi za Sony zilizokusudiwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, isiyobadilishika. Memori kadi nayo ijazwe yote kwa mafaili kisha yafunguliwe, maana kadi bandia huandika ukubwa isiokuwa nao. Na risiti ya EFD idaiwe, iwe na jina la kamera na namba yake.

Upande wa mapato ndio unaohitaji utulivu zaidi. Biashara ya DVD, iliyowekewa stempu za kodi mwaka 2013, imekwisha nguvu. Filamu sasa hutafuta njia kwenye YouTube na vituo kama Azam TV, na huko mgeni halipwi haraka. Kinacholisha kamera ya anayeanza ni harusi, kipaimara, matangazo ya maduka na video za wauza pembejeo. Hapo nako kuna mtego: Canon nyingi za kizazi cha 700D husimama zinapokaribia nusu saa ya kurekodi, na shehe au mchungaji hasubiri mtu abonyeze tena. Kwa filamu fupi inayopigwa kipande kwa kipande kasoro hiyo haina madhara. Anayepiga filamu pia akumbuke kibali cha Bodi ya Filamu.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukikopesha wasanii, na wapo wanaochukua fedha za kikoba. Mkopo wa kamera usipimwe kama mkopo wa mtamba. Mtamba akitunzwa huzaa. Kamera hushuka thamani tangu siku inapotoka dukani. Mgawo unaofaa ni nusu ya fedha iende kwenye kamera na lenzi, na nusu kwenye maiki, stendi, taa, betri ya ziada na kadi mbili. Kama nusu hiyo haitoshi kununua kamera yenye tundu la maiki, kijana akodi kwa siku anazopiga kazi na kutumia simu siku nyingine. Akiona anakodi kila mwishoni mwa wiki na wateja wanalipa, ataijua kamera anayoihitaji kwa kuwa ameishaishika, na huenda asiwe tena na haja ya kumsumbua baba yake gunia la msimu ujao.