Mfungwa Akirudi, Manusura Aende Wapi?

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii tumeifafanua darasani mara nyingi, tena kwa kicheko, kwa kuwa ung'ongo hauna sumu. Je, itakuwaje iwapo anachokiona si ung'ongo bali ni nyoka yule yule, amerejea kutoka alikofungiwa, naye amesimama mbele yake kwenye foleni ya kusaga unga?

Likizoni nilizungumza na dada mmoja aliyekutana na mbakaji wake kwa namna hiyo. (Sitasema zaidi, kijiji ni kidogo.) Yeye ndiye aliyetoa ushahidi mahakamani. Alikuwa akiihesabu miaka ya kifungo, na kwa hesabu yake ilikuwa imesalia mitano. Hakuna aliyemweleza kuwa, kwa mujibu wa Sheria ya Magereza, mfungwa mwenye nidhamu aweza kupunguziwa thuluthi ya kifungo, hivi kwamba aliyepewa miaka 15 huweza kutoka baada ya 10. Siku hizi husagia unga soko la pili, mwendo wa saa nzima.

Yamkini msomaji atauliza: kwani sheria haipo? Ipo, tena nzuri. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa Bungeni na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, imeligusia suala hili katika kifungu cha 39. Mahakama yaweza kumtangaza mkosaji kuwa hatari ikiwa amepatikana na hatia zaidi ya mara moja, au alitumia nguvu ama vitisho, au alimdhulumu mtoto. Mtu huyo akiachiliwa, huwekwa chini ya uangalizi. Aweza kuagizwa asifike mahali fulani na asitumie pombe. Isitoshe, Msajili wa Mahakama Kuu ametwikwa jukumu la kuweka sajili ya wakosaji hawa.

Hata hivyo, sajili hiyo hufunguliwa kwa mtu mwenye sababu ya kuridhisha, kwa maelekezo ya mahakama. Basi ni manusura atakayefunga safari kuitafuta habari, badala ya habari kumtafuta yeye. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 ilimpa haki ya kupashwa habari, lakini haki ya namna hiyo huhitaji mtu wa kubisha hodi. Kwa maoni yangu, gereza lilazimishwe kumpa afisa wa probesheni notisi ya siku 30 kabla ya mfungwa kutoka, naye afisa amwendee manusura faraghani, azungumze naye kwa lugha anayoielewa.

Sisemi sajili ibandikwe kwenye mwembe wa baraza la chifu. Sote twajua umati wenye hasira hufanya nini, na aliyetumikia kifungo chake ana haki ya kuishi. Dada yule hakuniomba mtu auawe. Aliniambia tu kwamba angelijua mapema, angelijiandaa.

Nasi wana-Kiswahili tu wapi? Magazeti yetu huandika "dhuluma za kimapenzi", kana kwamba palikuwa na mapenzi. Mtoto aliyetendewa unyama tunasema "amenajisiwa", na najisi ni uchafu. Mkosaji anarudi kijijini akiitwa mfungwa wa zamani, ilhali mtoto amebaki na doa katika kitenzi. Hilo ni letu, wala halimsubiri wakili.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali dada yule hajawahi kukisoma kifungu cha 39 kwa lugha anayoiota. Ni kurasa chache tu. Darasa moja la tafsiri laweza kuzikamilisha kabla ya muhula kwisha.