Baba mdogo, tuonyeshe Fomu Namba 5

MPAKANI
Na Tusajigwe Simbeye

Mtu akifa Tunduma, bei ya jeneza hujulikana siku hiyohiyo. Mali aliyoiacha inaweza kujulikana baada ya miaka kumi, au isijulikane kabisa. Hapo katikati kuna kikao cha ukoo, muhtasari wenye sahihi za wazee, barua ya Mahakama ya Mwanzo, na baba mdogo mmoja ambaye sasa ni msimamizi wa mirathi. Watoto huambiwa wasubiri. Anayeuliza matanga yakiwa hayajapoa husemwa kijiji kizima kwamba ana haraka na mali ya marehemu.

Mimi nasema aulize, tena mapema.

Tusichanganye mambo, lakini. Mzazi akiwa hai huna cha kudai. Wosia ni wake. Anaweza kuuandika Jumatatu na kuufuta Ijumaa, na hata kama ameuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), wewe mwanawe huna ruhusa ya kwenda kuuchungulia. Wanaopiga hesabu ya fremu za baba huku baba mwenyewe yuko dukani anauza, hao waendelee tu kusemwa. Haki ya kujua inaanza mwenye mali akishafariki.

Na ikianza, ina makaratasi yake. Kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, apeleke mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hiyo ndiyo Fomu Namba 5. Baadaye huja Fomu Namba 6, yaani hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapewa nini. Mirathi ikiendeshwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha inatakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Msimamizi anayepuuza kwa makusudi anaweza kuvuliwa usimamizi, na mwenye maslahi yeyote anaweza kuomba avuliwe, hata yule binti aliyeolewa Vwawa ambaye kikao cha ukoo hakikumkumbuka.

Wengi wetu tunaishia kwenye barua ya usimamizi tukidhani shauri limekwisha. Barua ile inampa baba mdogo kazi, haimpi nyumba. Ukienda ofisi ya ardhi ukakuta kiwanja cha marehemu baba yako kimeandikwa jina la baba mdogo, usizimie. Sheria inaruhusu msimamizi asajiliwe kwa nafasi yake hiyo ili aweze kuwahamishia warithi. Soma maneno yanayofuata jina lake. Kama hakuna neno lolote la usimamizi, hapo sasa ruksa kuzimia.

Mkoa wetu una ugumu wake, maana mali ya mtu wa Songwe haikai sehemu moja. Fremu mbili ziko Majengo, kiwanja Mpemba, kahawa Mbozi ambayo malipo yake yanaendelea kuingia kwenye chama cha ushirika (AMCOS) kwa jina la marehemu, salio liko kwenye simu ambayo namba yake ya siri aliondoka nayo. Na duka liko Nakonde, mwendo wa miguu tu, lakini ni nchi nyingine, Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mke huku na shangazi kule, na mpaka hauwasumbui mpaka anapokufa mtu mwenye mali.

Zambia ina sheria ya mwaka 1989 kwa anayekufa bila wosia: kwa kawaida mjane au mgane hupata asilimia 20, watoto 50, wazazi 20, na wategemezi wengine 10, ingawa ardhi ya kimila haimo. Huku kwetu, mirathi ikifuata Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa hupata fungu kubwa kuliko wote, mabinti wako daraja la tatu, na mjane mwenye watoto huambiwa atatunzwa na watoto hao. Wajane wawili walipoipinga amri hiyo, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba ina ubaguzi, lakini ikakataa kuifuta. Walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaitaka Tanzania irekebishe.

Asilimia 20 ya kitu usichokijua ni ngapi? Hapo ndipo wanaharakati wa mafungu wanaponiacha nyuma. Tunagombana nani apate kiasi gani wakati orodha yenyewe iko kichwani mwa mtu mmoja. Kwa binti na mjane, ambao mila imewaweka nyuma ya foleni, orodha ndiyo silaha ya kwanza. Chukua namba ya shauri, nenda kwa karani wa mahakama iliyotoa barua, omba kuona jalada. Watoto wakiwa wadogo, mama yao au mlezi aende kwa niaba yao. Kwa mali ya Nakonde, jiandaeni kwenda pia kwenye mahakama za Zambia.

Jiandaeni vilevile kukuta madeni. Wafanyabiashara wa hapa huchukua mzigo kwa mali kauli, na wadai hulipwa kabla ya warithi kugawana. Kuna orodha itakayoonyesha kwamba mzee aliyekuwa akiogopwa mtaa mzima ameacha deni tupu. Nayo inamfaa baba mdogo mwaminifu: kama alimaliza kodi za fremu kulipa mzigo wa Nakonde, Fomu Namba 6 ndiyo itakayomtetea siku wajomba watakapofika kuhesabu mabati.