Mutoto anayechelewa kuelewa si mulozi



Mu ma-avenyu yetu kuko watoto hatuwaone. Wanafichwa nyuma ya nyumba kwa sababu walichelewa kusema, ao kesho wanasahau ile walijifunza leo, ao wako na miaka 15 na wanacheza na wale wa miaka 6. Watu wanasema: huyu ni mulozi. Sisi vijana tunasema: hapana.

Huo ni ulemavu wa akili. Si kichaa, na hauambukize. Unaanza utotoni: kujifunza na kujitunza vinaomba wakati murefu zaidi. Sababu nyingi zinajulikana: mutoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kupanda ku kichwa, meningiti, ao mama kukosa iodi akiwa na mimba. Idjwi ni mufano. Katika miaka ya 1960 waganga walichunguza goita pale kisiwani, pamoja na watoto waliozaliwa akili na mwili vikibaki nyuma. Kilichokosekana ni iodi, ile wanatia leo mu chumvi. Sasa pale mulozi alikuwa nani?

Sheria iko. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 inamupeleka mu gereza, mwaka 1 mpaka 3, kila mutu anayemushitaki mutoto uchawi. Ile ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Na tangu 2019 masomo ya msingi ni ya bure. Lakini ni bure kwa nani, kama mwalimu ana darasa limejaa, hajafundishwa kumusaidia mutoto wa namna hii, na anamurudisha nyumbani?

Tunaomba serkali ifundishe walimu, na itumikishe hizo sheria. Wachungaji, muache kufungia watoto mu vyumba vya maombi na kuwanyima chakula. Wazazi, mumutoshe mutoto inje, mumufundishe kazi moja kidogo kidogo: kuteka maji, kuhesabu feza, kurudilia bila kuchoka. Vijana, tuache kumuita «zoba».

Sisi wenye diplome na bila kazi, tunajua vile inauma kuitwa muzigo wa nyumba. Huyu mutoto naye si muzigo. Ni mwanainchi, na nafasi yake iko ku masomo.